Mchoraji Aliyeandika Upepo

Baharia wa pwani yetu hatosheki kusema kwamba upepo wavuma. Huutaja kwa jina, kaskazi, kusi au umande, na jina hilo huwa limekwisha kumwambia msimu au saa. Tabia inayokaribiana na hiyo alikuwa nayo mchoraji Mfaransa, Eugène Boudin. Pembeni mwa michoro yake ya mbingu, aliyoichora kwa chaki za rangi, alizoea kuandika tarehe, saa na upepo uliokuwa ukivuma.

Boudin alizaliwa Honfleur mwaka 1824, mwana wa baharia, na utotoni alifanya kazi chomboni. Baadaye, mjini Le Havre, aliendesha duka la karatasi na fremu za picha. Wachoraji waliopita hapo, akiwamo Jean-François Millet, walimwonjesha sanaa. Mwaka 1851 mji wa Le Havre ulimpa ufadhili wa miaka 3 akasome Paris. Huko alinakili kazi za wakongwe katika jumba la Louvre, lakini moyo wake ulibaki pwani: mawingu, maji na milingoti.

Wakati ule mandhari yalichorwa nje kama matayarisho tu, na picha yenyewe ikakamilishwa chumbani. Boudin aliamini kwamba kinachochorwa papo hapo kina nguvu isiyopatikana tena ndani ya kuta nne. Mwaka 1859 mshairi Charles Baudelaire aliiona michoro ile ya mbingu akaisifu, akisema kwamba hata ukiyafunika maandishi ungeweza kukisia msimu, saa na upepo. Mshairi alitambua kwamba rangi zilikuwa zimekwisha kusema yaliyoandikwa.

Kuanzia mwaka 1862 alichora watu wenye nafasi waliokuja kupunga upepo ufukweni Trouville. Wao ni wadogo chini ya turubai, na mbingu imetwaa sehemu kubwa.

Kabla ya hapo, kijana mmoja wa Le Havre aliyejipatia fedha kwa vikatuni alishawishiwa na Boudin watoke wakachore nje. Kijana huyo alikuwa Claude Monet, ambaye baadaye alikiri deni lake kwa mwalimu huyo. Mwaka 1874 wote wawili walishiriki maonyesho ya kwanza ya kundi lililokuja kuitwa Waimpreshonisti. Jina likamwendea mwanafunzi. Mwalimu akarudi pwani kwake.

Je, alipunjwa? Heshima hazikumkosa kabisa: alipata medali ya dhahabu mwaka 1889 na nishani ya taifa mwaka 1892. Lakini jibu bora li katika mwisho wake. Mwaka 1898, akiwa mgonjwa, alitaka kupelekwa Deauville, akafia huko mbele ya bahari aliyoichora maisha yake yote. Nasi tunaoishughulikia lugha tuna la kujifunza kwake: asiyeujua upepo wa kwao kwa jina, atausimuliaje?