Mita Bendi Iliyofichwa: Gisenyi, kutoka Redio hadi Wi-Fi

Redio ya masafa mafupi ilikuwa na uso wa kusomeka. Kwenye kioo kulikuwa na mistari ya namba, na pembeni swichi yenye maandishi FM, MW, SW1, SW2. Msikilizaji wa Gisenyi, mji wa Rwanda ulio mpakani na Kongo, aliyetaka habari kwa Kiswahili kutoka London, ambako BBC ilianza matangazo hayo Juni 1957, au kutoka Deutsche Welle ya Ujerumani, iliyoanza ya kwake mwaka 1963, hakutosheka na jina la kituo. Ilimpasa ajue na mita bendi, yaani masafa yanayotajwa kwa urefu wa wimbi, tena kwa saa. Tabaka la anga linalorudisha mawimbi hayo ardhini hutegemea jua: mchana sehemu yake ya chini humeza mawimbi marefu, na usiku tabaka lote hudhoofika na kuyaacha mafupi yapotelee juu. Ndiyo maana mshale uliokaa mita 19 mchana ulihamia 49 usiku. Watu walijua hayo bila kupita chuo cha ufundi, kwa kuwa kifaa chenyewe kiliwaonyesha. Hoja yangu ni hii: usumbufu wa leo wa kuunganisha taa janja, kamera au soketi na Wi-Fi ya nyumbani hautokani na ujinga wa mtumiaji. Swichi ile imeondolewa usoni.

Gisenyi panafaa kupimia hoja hii. Mpaka uliokubaliwa mwaka 1910 uliuacha mji huu upande mmoja na Goma ya Kongo upande wa pili, na leo miji hiyo imeshikana hata vizuizi vya mpakani, petite barrière na grande barrière, vimesimama katikati ya makazi. Mawimbi hayaulizwi kitambulisho. Matangazo ya FM ya Radio Okapi ya Kongo, iliyoanza Februari 2002, hayaishii kwenye kizuizi, na simu iliyo karibu na mpaka hudaka mtandao wa ng'ambo. Asiyetaka kukatwa salio kwa bei ya nchi nyingine huingia kwenye mipangilio na kuchagua mtandao kwa mkono. Wakazi wa mji huu, basi, si wageni wa kuchagua masafa.

Wi-Fi ya nyumbani nayo ina bendi zake, hasa gigahezi 2.4 na 5. Ile ya 2.4 ilianza kama jalala. Mkutano wa kimataifa wa mawasiliano uliofanyika Atlantic City, Marekani, mwaka 1947, ulitenga masafa ya karibu na megahezi 2,450 kwa mashine za viwanda, sayansi na tiba, yaani vyombo vinavyomwaga kelele za mawimbi. Jiko la maikrowevu lipo humo hadi leo. Mwaka 1985 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliruhusu vifaa vya mawasiliano viingie humo bila leseni, mradi vivumilie kelele hizo. Kiwango cha kwanza cha teknolojia tuliyokuja kuiita Wi-Fi kilitoka mwaka 1997, kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, na mwaka 1999 wakazaliwa pacha: mmoja wa 2.4, mwingine wa 5. Wa 2.4 alikuwa rahisi kutengeneza, akaingia majumbani kwanza. Mwaka 2014 ikaja chipu ya bei ndogo kutoka Shanghai, ESP8266, inayojua 2.4 peke yake, na vifaa vingi vya bei nafuu vikajengwa juu yake na juu ya jamaa zake. Uamuzi wa kubaki na 2.4 haukuwa ubahili mtupu. Wimbi la 2.4 lina urefu wa sentimita 12 na nusu, la 5 karibu sentimita 6, na lile refu ndilo linalopenya ukuta vizuri zaidi. Katika mji ambao mawe meusi ya volkeno ni kitu cha kawaida kwa ujenzi, tofauti hiyo si ya vitabuni.

Sasa itazame taa darini, inavyowaka na kuzima haraka kuonyesha kwamba inangoja. Simu iko sebuleni karibu na rauta, na rauta imeipeleka kwenye 5, huku bendi zote mbili zikiitwa jina moja. Programu inaomba nywila, kisha simu inaitoa hewani. Kwa njia moja iliyoenea, herufi za nywila hufichwa katika urefu wa vifurushi vya data, na taa huvinusa ikiwa bado nje ya mtandao. Lakini taa inasikiliza 2.4 tu. Rauta nyingine huvirudia vifurushi hivyo upande wa pili, nyingine hazifanyi hivyo. Baada ya muda programu inasema imeshindwa, bila kutaja bendi, na mwenye nyumba anaandika nywila mara ya tatu akidhani amekosea herufi.

Watakuwapo wa kusema kwamba kuficha bendi ni kumhurumia mtumiaji. Kwa simu inayojua bendi zote mbili, ni kweli. Kwa taa inayojua moja, huruma hiyo inaumiza. Pingamizi zito zaidi ni kwamba masafa mafupi yenyewe yaliachwa na wengi, hata mitambo ambayo Deutsche Welle iliiendesha Kigali tangu mwaka 1965 ikafungwa mwaka 2015. Nalikubali nusu. Watu walihamia FM na simu kwa sababu sauti ilikuwa safi zaidi, na FM nayo iliandikwa kwenye swichi ileile. Vifaa vya bendi mbili vimeanza kutoka, ila taa za zamani bado ziko darini.

Kama rauta yako inaruhusu, ipe 2.4 jina lake, hata "Nyumbani 2.4" linatosha, hamishia simu humo, unganisha taa, kisha irudishe simu kwenye 5. Na watengenezaji waifanye programu iseme waziwazi: taa iko 2.4, simu yako iko 5.