Mtaka cha Mvunguni

Miongoni mwa vyombo vyote vinavyouzwa pamoja na kamera, hakuna kilicho duni kwa sura kuliko bomba la kurefushia. Ni kipande kifupi cha bomba, cheusi kwa ndani, ambacho mpiga picha hukiweka kati ya kamera na lenzi yake ili apate picha kubwa ya kitu kidogo. Ukikichungulia huoni kioo; unaona upande wa pili. Asiyejua atadhani ameuziwa hewa. Na kwa kweli ameuziwa hewa, ila ni hewa iliyopimwa. Historia ya hewa hiyo yafaa isimuliwe na mtu aliyetumia miaka yake kuwafunza walimu, maana sura yake moja iliyo nzuri iliandikwa na mwalimu.

Kanuni yenyewe yaweza kuonyeshwa darasani bila kamera. Chukua lenzi ya mkononi, simama karibu na ukuta unaotazamana na dirisha, kisha sogeza lenzi mpaka picha ya mti wa nje itokee ukutani, kichwa chini miguu juu. Mti uko mbali, kwa hiyo lenzi itakaa karibu na ukuta na picha itakuwa ndogo. Sasa washa mshumaa, uuweke karibu na lenzi. Picha ya mwali haitakuwa wazi mpaka uiondoe lenzi mbali zaidi na ukuta, na hapo mwali utaonekana mkubwa. Lenzi ni ileile. Kilichobadilika ni umbali. Bomba la kurefushia halina kazi nyingine. Lenzi ya kawaida yenye urefu wa fokasi wa milimita 50, ikiwa imepangwa kwa vitu vya mbali, ukiiwekea bomba la milimita 25 itatoa picha yenye nusu ya ukubwa wa kitu. Ukiiwekea la milimita 50, nyuki mwenye urefu wa milimita 12 atachukua milimita 12 kamili za filamu.

Wapiga picha wengi wa karne ya 19 hawakulihitaji bomba hilo. Kamera zao zilikuwa na mvukuto wa ngozi au kitambaa kilichokunjwa, mfano wa kodiani ya wanamuziki wa taarabu. Ukiuvuta mvukuto, lenzi inakwenda mbele. Ukiuvuta zaidi, kitu kidogo kinakuwa kikubwa.

Aliyeitumia kamera ya namna hiyo kwa uvumilivu usio wa kawaida ni Karl Blossfeldt, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1865 katika kijiji cha Schielo, kwenye milima ya Harz. Ujanani alijifunza kazi katika kiwanda cha kusubu chuma, kisha akasomea sanaa Berlin. Katika miaka ya 1890 alikuwa miongoni mwa wasaidizi wa Moritz Meurer, mwalimu aliyeamini kwamba wachoraji na mafundi wa nakshi yawapasa kujifunza maumbo kutoka kwenye mimea yenyewe. Kuelekea mwisho wa miaka hiyo Blossfeldt akawa mwalimu katika shule ya sanaa za ufundi ya Berlin. Alifundisha huko kwa takriban miaka 30, na somo lake lilikuwa kufinyanga na kuchora maumbo ya mimea.

Shida aliyokutana nayo kila mwalimu anaijua. Ua hunyauka kabla kipindi hakijaisha. Chipukizi lenye umbo zuri kabisa ni dogo kuliko kucha, na wanafunzi hawawezi kulichungulia wote kwa pamoja. Blossfeldt alitumia kamera ya mbao yenye mvukuto mrefu, ambayo inaelezwa kuwa aliiunda mwenyewe. Hakutafuta maua ya thamani. Aliokota mimea kandokando ya njia na reli, akaiweka mbele ya karatasi isiyo na pambo, akangoja mwanga mtulivu wa dirishani, kisha akaiacha lenzi wazi kwa dakika, si kwa sekunde. Sehemu ya ukuzaji ilifanywa na mvukuto na sehemu ikafanywa wakati wa kusafisha picha, hata baadhi zikawa kubwa mara 10, nyingine mara 30 na zaidi, kuliko mmea wenyewe. Vikono vya mmea wa maboga, vile vijikamba vinavyojisokota, vinaonekana katika picha zake kama vyuma vya dirisha vilivyokunjwa na mhunzi hodari.

Tusimfanye malaika. Blossfeldt alipogoa majani yaliyomzuia, akachagua mche ulionyooka na kuuacha uliopinda. Alichokionyesha ni mmea uliotayarishwa kwa somo. Lakini mwalimu gani hachagui mfano?

Wakati yeye akiendelea na kamera yake ndefu, ulimwengu wa kamera uligeuka. Mwaka 1925 kamera ndogo ya Leica, iliyobuniwa na Oskar Barnack, ilionyeshwa katika maonyesho ya biashara ya Leipzig. Iliingia mfukoni na kutumia filamu ya sinema yenye upana wa milimita 35. Hapana shaka ilikuwa neema kwa mtu aliyetaka kupiga picha za watu njiani. Ila mvukuto ulitoweka, na pamoja nao ukatoweka uwezo wa kuisogeza lenzi mbele kadiri mtu apendavyo. Tena, mwenye kamera alitazama kupitia kidirisha kilichokuwa juu ya lenzi. Kwa mtu aliye mita 3 tofauti hiyo haina madhara. Kwa panzi aliye umbali wa shibiri moja, jicho linaona panzi na lenzi inaona jani la pembeni.

Dawa ilikuja mwaka 1936, kiwanda cha Ihagee cha Dresden kilipotoa kamera ya Kine Exakta. Nyuma ya lenzi yake mlikuwa na kioo kilichoinama, kikipeleka juu picha ileile iliyopita katika lenzi, na mpiga picha aliinamisha kichwa kuitazama. Lenzi yake ilitoka na kurudi. Basi bomba tupu likapata maana: ukiliweka unaona palepale limefanya nini. Kilichopotea pamoja na mvukuto kikarudi kwa vipande. Kiwanda hicho kiliteketea Dresden iliposhambuliwa kwa mabomu Februari 1945, lakini kamera za Exakta ziliundwa tena baada ya vita. Katika miaka ya 1960 na 1970 wenye Praktica na Zenit walinunua mabomba matatu ya urefu tofauti katika kisanduku kimoja, wakayaunganisha kwa kuyasokota.

Mabomba hayo yalikuwa rahisi kuliko lenzi maalumu za vitu vidogo, lakini yana gharama isiyolipwa dukani. Mwanga ukisafiri mbali zaidi hutawanyika. Picha ikifikia ukubwa halisi wa kitu, filamu hupata robo tu ya mwanga iliyokuwa ikipata, hivyo muda wa kuacha lenzi wazi huwa mara 4. Tena, sehemu inayoonekana wazi huwa nyembamba mno. Kwa ukubwa huo, hata ukilibana tundu la lenzi mpaka namba 16, unapata kama milimita 2 tu. Jicho la nyuki likiwa safi, mbawa zimo ukunguni. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Hapa anainama, na akishainama hushika pumzi asitikise kamera.

Kwa nini mambo haya yanigusa mimi, niliyekuwa mkuu wa chuo cha ualimu? Ni kwa sababu nimekaa nyuma ya madarasa mengi wakati wa mazoezi ya kufundisha. Nimeona mwalimu mwanafunzi akichora ua la haibiskasi ubaoni kwa chaki za rangi, akataja petali, sepali, stameni na pistili, na watoto wakakariri bila kosa, ilhali nje ya dirisha ua wa shule ulikuwa haibiskasi tupu, umejaa maua mekundu. Mtoto afunzwaye hivyo hujifunza jambo jingine ambalo halimo katika muhtasari: kwamba elimu hutoka kitabuni na mbali, na kwamba kilicho mlangoni kwake hakistahili kutazamwa. Hasara hiyo haionekani katika matokeo ya mtihani. Huonekana baadaye, katika mkulima asiyegeuza jani kutazama mdudu aliye chini yake.

Blossfeldt hakuwa na cha ajabu kuliko tulivyonavyo sisi. Alikuwa na magugu, karatasi, dirisha na kisanduku kirefu. Picha zake zilikuwa zana za kufundishia, nazo zilikaa darasani kwa miongo mitatu. Mwaka 1926 mwenye duka la sanaa aitwaye Karl Nierendorf alizionyesha Berlin, na mwaka 1928 kikatoka kitabu chenye picha 120, *Urformen der Kunst*. Mwalimu alikuwa na umri wa miaka 63. Alifariki mwaka 1932, akiwa amejulikana kwa miaka michache tu.

Kamera zimebadilika tena. Mfumo wa EOS wa Canon ulipoanza mwaka 1987, tundu la lenzi liliendeshwa kwa umeme, hivyo mabomba mengi ya siku hizi yamewekewa vijinyaya vya mawasiliano. Hata hivyo ndani bado ni hewa. Na kwa mtoto asiye na kamera, ile lenzi ya mkononi ya jaribio la mshumaa, akipewa pamoja na ua moja la haibiskasi na dakika 10 za kimya, yatosha kuanzia.