Kinyweleo Kisicho na Unywele

Ukitafuta jina la Kiswahili la yale matundu madogo ya jani, utapewa vinyweleo. Neno limeazimwa kwenye ngozi yetu: kinyweleo ni kitundu kinapoota unywele, na watu husema jasho nalo hutokea humo. Jasho ndilo linaloiokoa istilahi hii, maana zaidi ya asilimia 90 ya maji yanayofyonzwa na mizizi hupotelea hewani kama mvuke kupitia majani. Unywele, hakuna. Sikio la haraka litasikia pia kunywa, ilhali maji ya mmea huingilia mizizini.

Kasoro kubwa ni kwamba kinyweleo cha ngozi hakijui kufumba. Cha jani kina seli mbili za ulinzi zinazokabiliana: zikijaa maji hujipinda, tundu likafunguka; zikinywea, tundu hujifunga. Stomata, jina la kitaalamu la matundu haya, ni neno la asili ya Kigiriki lenye maana ya vinywa, na kinywa angalau hufumba.

Lakini jina la tundu hunisumbua kidogo kuliko kitenzi. Tunasema mmea "unapumua kwa majani", na hapo ndipo mwanafunzi anapopotea, akariri kwamba mchana mti hupumua kinyume nasi na usiku kama sisi. Kwa mwanabiolojia, upumuaji ni kuvunja sukari ili kupata nishati, kazi inayofanyika usiku na mchana katika kila seli hai, hata za mizizi. Mchana jani huongeza kazi nyingine, usanisinuru, na hiyo huifunika ya kwanza: kabonidioksidi, ambayo ni kama asilimia 0.04 tu ya hewa, huingia, oksijeni ikatoka.

Mimi ningesema gesi zinapishana. Jani halina pafu la kuvuta wala kusukuma. Kila gesi hutoka ilikojaa ikaelekea ilikopungua, kama watu wanaopishana mlangoni bila kugombana. Kitenzi tunacho, hakihitaji kamati.

Tatizo ni mkonge. Huu wa mashamba ya Tanga hufunga matundu yake juani usipoteze maji, ukayafungua usiku na kuihifadhi kabonidioksidi kama asidi ndani ya jani. Kukicha, huitumia kutengeneza sukari. Gesi iliyoingia usiku na oksijeni inayozaliwa mchana, mlango ukiwa umefungwa, hazipishani hata kidogo.