Tangazo Mbele, Huduma Nyuma: British Airways na Abiria Wake Tangu 1974

Shirika la ndege la British Airways lilianza kazi mwaka 1974, serikali ya Uingereza ilipounganisha mashirika yake mawili: BOAC, lililopeleka abiria mabara ya mbali, na BEA, lililohudumia Ulaya. BOAC lilikuwa mrithi wa Imperial Airways, lililofungua njia ya anga kutoka London hadi Mwanza mwaka 1931, na wafanyakazi wake walijihesabu kuwa wa daraja la juu kuliko wenzao wa BEA. Muungano ulikuwa wa makaratasi zaidi kuliko wa kazi. Kila upande ulishika desturi zake, vyama vya wafanyakazi vilikuwa vingi, na migomo ya miaka ya 1970 iliwaacha abiria wakihangaika viwanjani.

Katika mivutano hiyo abiria alikuwa mtu wa mwisho kufikiriwa. Wengi wa waliojenga mashirika hayo walitoka jeshi la anga baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na fahari yao ilikuwa ndege na rubani: ndege ikipaa salama na kutua salama, kazi imekwisha. Kwamba aliyeketi ndani amejibiwa vibaya kaunta, au sanduku lake limebaki mji mwingine, hilo halikuhesabiwa kuwa hitilafu. Waingereza wakazigeuza herufi za jina la shirika, BA, kuwa kifupi cha tusi lenye maana ya "mbovu kupindukia". Mwaka 1980 chama cha kimataifa cha wasafiri wa ndege kiliwauliza wanachama wake ni shirika lipi la kuepukwa kabisa, na British Airways likaongoza orodha.

Februari 1981 serikali ya Margaret Thatcher ilimteua mfanyabiashara John King kuwa mwenyekiti, aliandae shirika liuzwe kwa watu binafsi. Hali ya fedha ilitisha: hesabu za 1981/82, baada ya kuingizwa malipo ya waliopunguzwa kazini na kushushwa thamani ya ndege, zilionyesha hasara ya zaidi ya pauni milioni 500. King alipunguza wafanyakazi kutoka zaidi ya 50,000 hadi chini ya 40,000 na kufuta safari zisizolipa. Kisha akaiondoa kazi ya matangazo kwa kampuni iliyoishika kwa miongo kadhaa na kuikabidhi Saatchi & Saatchi, ndiyo iliyotengeneza matangazo ya chama cha Thatcher katika uchaguzi wa 1979.

Tangazo lililotoka Aprili 1983 lilichukua sekunde 90. Kisiwa kizima cha Manhattan, na maghorofa yake na taa zake, kilionekana kikipita usiku juu ya nyumba za Waingereza na kushuka kuelekea uwanja wa Heathrow, huku watu wakitoka nje kukitazama kwa mshangao. Maelezo yalikuja mwishoni: kila mwaka British Airways huvusha Atlantiki watu wengi kuliko wakazi wote wa Manhattan. Ikafuata kauli mbiu, kwamba hili ndilo shirika la ndege linalopendwa zaidi duniani.

Kupendwa huko kulitegemea hesabu moja tu, kwamba shirika lilibeba abiria wa kimataifa wengi kuliko jingine lolote. Hesabu yenyewe ilikuwa sahihi. Lakini mtu hupanda ndege kwa sababu ya ratiba, ya nauli, ya mwajiri aliyemkatia tiketi, au kwa kukosa nyingine. Kuwabeba wengi si ushahidi wa kupendwa na wengi. Tangazo lilizungumzwa mitaani na kusifiwa na wenye fani hiyo, ila halikumpa abiria aliyewahi kutendewa vibaya sababu yoyote ya kuamini kwamba safari ijayo ingekuwa tofauti.

Mtu aliyeuelewa udhaifu huo alikuwa amewasili miezi miwili tu kabla. Colin Marshall, mtendaji mkuu kuanzia Februari 1983, hakutoka katika urubani. Ujanani alifanya kazi katika meli za abiria, upande wa huduma, na mwaka 1964 akajiunga na Avis, kampuni ya Marekani ya kukodisha magari, ambayo baadaye aliiongoza.

Avis ilikuwa shule ya pekee ya jambo hili. Mwaka 1962 ilipata hasara ya dola milioni 3.2. Rais wake mpya, Robert Townsend, alipomwendea Bill Bernbach, bingwa wa matangazo wa New York, Bernbach aliomba apewe siku 90 za kuichunguza biashara, na matangazo yatolewe kama yatakavyoandikwa, bila kuguswa. Watu wake walipochunguza hawakuona kikubwa cha kujivunia. Kweli waliyoipata ni kwamba Avis ilikuwa ya pili, nyuma ya Hertz, na kwa hiyo haina budi kujitahidi zaidi. Hilo ndilo lililotangazwa. Mwandishi mmoja wa matangazo hayo alipokodi gari la Avis na kukuta limeachiwa vipisi vya sigara, tangazo likaisimulia aibu hiyo hadharani. Mwaka 1963 kampuni ilipata faida ya dola milioni 1.2. Nguvu ya matangazo hayo ilikuwa katika aina ya ahadi: jitihada ni kitu ambacho karani wa kaunta hukitimiza au hukivunja siku hiyohiyo, mbele ya mteja, na kila mfanyakazi alijua kwamba mteja amekwisha kusoma tangazo.

Huko British Airways, wateja waliulizwa wanachotaka, na majibu yakaangukia mafungu manne. Mawili hayakumshangaza mtu: kujaliwa, na mfanyakazi awe na ujuzi wa kutatua tatizo. Mawili mengine shirika lilikuwa halijayafikiria. Abiria walitaka mfanyakazi anayeweza kulegeza utaratibu pale hali inapodai, badala ya kujificha nyuma ya kanuni. Tena walitaka, mambo yakiharibika, awepo mtu wa kuomba radhi na kurekebisha, hata kama kosa si lake. Hili la mwisho ndilo kiini cha suala zima. Hakuna aliyedai shirika lisilokosea, kwani ukungu hufunga uwanja, injini hugoma, mizigo hupotea. Walichokataa ni kuachwa peke yao baada ya kosa. Kazi hiyo haifanywi na picha ya televisheni. Hufanywa na mtu aliyesimama kaunta usiku wa manane, mbele ya foleni yenye hasira.

Mwishoni mwa 1983 yakaanza mafunzo ya siku mbili yaliyoendeshwa na kampuni ya Denmark, Time Manager International, ambayo ilikwisha kufanya kazi kama hiyo na shirika la SAS la nchi za Skandinavia. Walianza wanaokutana na abiria, kisha wakaingia mafundi, wahasibu, marubani na wapakia mizigo, wakiketi pamoja bila kutengwa kwa vyeo. Marshall mwenyewe alihudhuria vikao vingi na kujibu maswali. Mameneja walipata mafunzo yao ya siku tano mwaka 1985, na malipo yao yakaanza kuangalia pia namna wanavyowatendea walio chini yao. Rangi mpya za ndege zilizinduliwa Desemba 1984, baada ya mafunzo kuanza. Shirika lilipouzwa Februari 1987, zaidi ya asilimia 90 ya wafanyakazi walichukua hisa. Kufikia hapo kauli mbiu ya 1983 ilikuwa imepata ukweli ambao haikuwa nao ilipotungwa, na ni haki kulisifu tangazo kwa hili: liliwawekea wafanyakazi kipimo hadharani.

Miaka iliyofuata ilithibitisha upande wa pili, kwamba sura mpya haisimami bila huduma. Juni 1997 shirika lilizindua mabadiliko ya sura yaliyogharimu pauni milioni 60, mikia ya ndege ikichorwa sanaa za mataifa mbalimbali. Mwezi uliofuata wahudumu wa ndege waligoma. Rangi zilikuwa mpya, abiria wamekwama, na waliotakiwa kuibeba sura hiyo mpya walikuwa na ugomvi na mwajiri wao. Oktoba mwaka huo Thatcher, kuonyesha alivyozichukia sanaa hizo, aliufunika kwa kitambaa mkia wa mfano wa ndege mbele ya kamera. Kufikia 1999 mpango ulikuwa umesimamishwa. Tarehe 27 Machi 2008 jengo jipya la abiria namba 5 la Heathrow lilifunguliwa kwa shangwe kubwa, lakini siku hiyohiyo mitambo ya mizigo ikashindwa. Mamia ya safari yalifutwa na maelfu ya masanduku yakarundikana.

Mwaka 2011 British Airways lilirudisha katika matangazo wito wake wa zamani wa kuruka na kuhudumia. Septemba 2013 abiria mmoja, aliyekasirishwa na kupotea kwa mzigo wa baba yake, alilipia tangazo lake mwenyewe katika Twitter kuwaonya wengine wasipande ndege za shirika hilo, na maelfu ya watu wakalisoma. Saa kadhaa zilipita ndipo shirika likamjibu kwamba limechelewa kwa sababu dawati lake la mtandao huo hufanya kazi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni.