Kijibwa cha Mfalme

Kwetu mbwa hulala nje. Kazi yake ni kulinda mji na kufuatana na wawindaji, na akithubutu kuingia ndani hufukuzwa. Mtu aliyelelewa hivyo akiambiwa kwamba wapo mbwa waliozalishwa kwa karne nyingi ili wapakatwe tu, hucheka kwanza. Lakini naona, msomaji, kwamba kijibwa cha kupakatwa kina mengi ya kutueleza kuhusu binadamu. Mfano wangu ni yule aitwaye Cavalier King Charles Spaniel.

Asili yake ni mbwa wa Ulaya waliotumika kuwinda ndege. Wale wadogo waliingia majumbani mwa wakubwa. Mwaka 1587 Malkia Mary wa Scotland alipokatwa kichwa, kijibwa chake kilikutwa kimejificha ndani ya nguo zake. Mfalme Charles wa Pili, aliyetawala Uingereza tangu 1660 hadi 1685, aliwapenda mno hata jina lake likawaganda. Ofisa wake Samuel Pepys alilalamika katika shajara yake ya 1667 kwamba mfalme alikaa barazani akicheza na mbwa huku mambo ya nchi yakimsubiri.

Katika picha za zama hizo mbwa hawa wana pua ndefu kiasi, utosi bapa na masikio marefu yanayoning'inia. Karne ya 19 mitindo ikabadilika. Wafugaji wakachagua wenye pua fupi na kichwa cha mviringo, wakazalisha hao, kizazi baada ya kizazi, mpaka mbwa wa kale akabaki ukutani, ndani ya fremu.

Ndipo akaja Mmarekani mmoja, Roswell Eldridge. Alifika Uingereza kumtafuta mbwa aliyemwona katika picha, asimpate. Mwaka 1926 akatangaza zawadi ya pauni 25 katika maonyesho ya mbwa ya Crufts, kwa yeyote atakayeleta mbwa wa sura ile ya kale. Walioleta walikuwa wachache. Eldridge alifariki mwaka 1928, na mwaka huohuo chama kikaundwa. Wanachama walimsimamisha mbwa aitwaye Ann's Son, wakamtazama, wakaandika sifa za mbwa wanayemtaka. Serikali ya mbwa wa Uingereza, yaani Kennel Club, ilimkubali rasmi kuwa aina ya pekee mwaka 1945. Yule wa pua fupi yupo bado, naye huitwa King Charles Spaniel, bila neno Cavalier.

Cavalier ana rangi nne. Blenheim ni mweupe mwenye mabaka mekundu ya hudhurungi. Jina hilo ni la kasri la Mtawala wa Marlborough, lililoitwa hivyo kwa kumbukumbu ya ushindi wake wa vita mwaka 1704. Wa rangi tatu ni mweusi na mweupe, mwenye alama za hudhurungi juu ya macho na mashavuni. Ruby ni mwekundu mwili mzima. Wa nne ni mweusi mwenye alama za hudhurungi. Wote ni ndugu, wenye uzito wa kilo 5 hadi 8 hivi.

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa tamu. Lakini mbwa waliorudisha sura ile walikuwa wachache, na Vita vya Pili vya Dunia viliwapunguza zaidi, kwa hiyo damu yao ni moja mno. Leo wengi wao huugua valvu ya moyo wakiwa bado na umri mdogo. Wengine wana fuvu lisiloutosha ubongo, wakapata maumivu ya shingo yasiyokwisha. Mwaka 2022 mahakama mjini Oslo iliamua kwamba kuzalisha Cavalier kunakiuka sheria ya ustawi wa wanyama, na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Norway ikakubaliana nayo. Sasa wapo wafugaji wanaopima mioyo kabla ya kuzalisha, na wanaochanganya damu na aina nyingine.

Ukipenda, chongo huita kengeza. Waliomfupisha pua walimpenda mbwa huyu, na waliomrefusha walimpenda pia. Kila upande ulitazama sura. Moyo, ambao hauonekani katika picha, hakuna aliyeuuliza. Mbwa wetu wa uani hana jina wala zawadi, lakini hakuna aliyemchagulia pua.