Kabati la Chini ya Paa: Paris, Dari Lililoinama na Wadada Wasio na Majina

Picha hizo umeshaziona. Chumba kidogo cha Paris, kuta nyeupe, dari limeinama upande mmoja kama kofia iliyovaliwa kihuni, na dirisha dogo linatazama mapaa ya kijivu mpaka macho yanachoka. Pale chini kabisa, dari linapokaribia kugusa sakafu, kuna safu ya milango midogo iliyokatwa kwa mshazari kufuata mteremko. Ukivuta, zinatoka droo za magurudumu zimejaa masweta. Laiki kama zote. Kila mtu anataka chumba hicho.

Sasa ngoja kwanza. Chumba hicho kilijengwa kwa ajili ya mtu fulani, na huyo mtu hakupewa kabati. Alikuwa na sanduku lake moja na msumari ukutani wa kutundikia gauni la pili. Jina lake halijulikani, na hata waliomwajiri mara nyingi hawakujisumbua nalo.

Stori yenyewe inaanza na paa. Paa la mansardi, ukilitazama kwa ubavuni, lina miteremko miwili kila upande: wa chini umesimama karibu wima, wa juu umelala. Kwa umbo hilo, ndani ya paa kunabaki nafasi ya mtu kusimama. Jina limetoka kwa msanifu François Mansart, aliyeishi kati ya 1598 na 1666, ingawa si yeye aliyelibuni. Pierre Lescot alishalitumia pale Louvre katikati ya miaka ya 1500. Mansart alilipa umaarufu tu, na mwenye umaarufu ndiye anayeondoka na jina. Mambo ya mjini hayo, hayajaanza leo.

Kilicholifanya paa hilo lienee Paris ni sheria. Kanuni za 1783 na 1784 zilibana urefu wa nyumba kulingana na upana wa barabara, lakini urefu wenyewe ulipimwa hadi kwenye ukingo wa juu wa ukuta wa mbele. Paa lilikuwa na hesabu zake pembeni. Mwenye nyumba yeyote mwenye akili timamu aliona mwanya hapo. Halafu akaja Haussmann, mkuu wa mkoa wa Seine kuanzia 1853 hadi 1870, akabomoa mitaa mizima na kupitisha yale mabarabara mapana tunayoyajua. Agizo la 1859 likaruhusu ukuta wa mita 20 kwenye barabara zenye upana wa mita 20 au zaidi, na juu yake paa lisivuke mstari wa nyuzi 45. Mwaka 1884 mstari huo ukawa tao, na 1902 sheria ikalegezwa tena, mapaa yakazidi kunenepa.

Kwa hiyo ukiona dari limeinama kwenye picha, huo mteremko si urembo wa fundi. Ni mstari wa sheria umepita katikati ya chumba cha kulala cha mtu.

Na nani alilala huko? Enzi hizo lifti haikuwepo majumbani, hivyo ghorofa ya heshima ilikuwa ya pili: ngazi chache, madirisha marefu, roshani. Kadiri ulivyopanda ndivyo hadhi ilivyoshuka. Ghorofa ya sita, ndani ya paa, ilikuwa ya wafanyakazi wa ndani. Wafaransa wanakiita chambre de bonne, yaani chumba cha dada wa kazi. Walikipanda kwa ngazi ya peke yake, nyembamba, ya kuzunguka, iliyotoka uani na kupita nyuma ya majiko. Tajiri hakupaswa kukutana na ndoo ya maji kwenye zulia la ngazi kuu.

Wengi wa wadada hao walitoka Bretagne, magharibi mwa nchi. Reli ilifika Rennes mwaka 1857 na Brest mwaka 1865, na treni za upande huo zikawa zinawashusha kituo cha Montparnasse, mabinti wadogo ambao baadhi yao Kifaransa chenyewe kiliwapiga chenga, maana nyumbani walizungumza Kibretoni. Mabosi wengi walikuwa na tabia ya kumpa kila dada anayeingia jina lilelile, mara nyingi Marie. Aliyeondoka alikuwa Marie, anayekuja ni Marie, ili madamu asipate taabu ya kukariri. Mwaka 1905 jarida la watoto lilileta mhusika wa katuni aitwaye Bécassine, dada wa kazi kutoka Bretagne. Akapendwa sana. Alichorwa bila mdomo.

Ndani ya chumba hali ilikuwa hivi: kitanda cha chuma, kiti, beseni la kunawia, pengine kimeza. Bomba la maji na choo viko koridoni, mnatumia wote. Juu ya kichwa kuna mbao na bati la zinki, basi. Julai ni tanuri, Januari maji kwenye beseni yanaweza kuganda. Kwenye upande wa mteremko hakukuwa na kitu cha maana, maana kabati la kawaida lina mgongo wima na kona za mraba, na dari lililoinama halijui mraba. Hata kama lingetosha, nani angelipandisha kwa ile ngazi ya kuzunguka?

Huku ghorofa ya pili makabati ya ukutani yalikuwepo tele, yamejengewa pembeni ya mahali pa kuotea moto, yamepakwa rangi ya ukuta mpaka huyaoni. Ndani yake mashuka, vitambaa vya meza, leso, vyote vimepigwa pasi na Marie. Ufundi ulikuwepo. Mbao zilikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa kufikiri kwamba anayelala ghorofa ya sita naye ana vitu.

Hapa ndipo lile sanduku linapokuwa na uzito wake. Kifungu cha 1781 cha sheria ya madai ya Ufaransa kilisema kwamba kukiwa na ugomvi wa mshahara, bosi ndiye anayeaminiwa kwa neno lake. Kifungu hicho kilidumu hadi 1868. Kwenye sheria ya jinai, wizi wa mfanyakazi wa ndani ulihesabiwa kuwa mbaya kuliko wizi wa kawaida, adhabu yake nzito zaidi. Sasa jiweke kwenye nafasi yake: kijiko cha fedha kimepotea, neno lako halina thamani, na kila ulicho nacho kiko kwenye sanduku lililo chini ya kitanda. Wa kwanza kupekuliwa ni wewe. Mlango wa chumba haukuwa ulinzi wa kutegemea, ukuta kati yako na jirani ni mwembamba, ila sanduku lina kufuli na ufunguo unalala nao. Émile Zola alilijua jambo hili la ghorofa ya sita. Katika riwaya yake Pot-Bouille ya 1882 kuna dada wa kazi anayejifungua mtoto peke yake usiku kwenye chumba cha namna hii, kimyakimya, asije akasikika.

Ukitaka kuona kwamba dunia ingeweza kufanya tofauti, vuka bahari kidogo mpaka New Hampshire, Marekani, karne hiyohiyo. Kule kulikuwa na jumuiya ya kidini ya Shaker: hawaoi, hawaolewi, hawana mali binafsi, kila kitu ni cha wote. Hao watu walikuwa wagonjwa wa kabati za kujengea. Kule Canterbury, mwaka 1837 waliongeza dari jipya kwenye nyumba yao ya kulala na kulijaza makabati na droo za kuhifadhia nguo za msimu. Kule Enfield jengo lao kubwa la mawe lililokamilika 1841 lilikuwa na droo 860 zilizojengewa ukutani. Walitaka sakafu iwe wazi ifagiliwe yote, vumbi lisipate pa kujificha. Mafundi wao hawakutakiwa kujisifu kwa kuweka majina yao kwenye kazi, kwa hiyo nao ni watu wasio na majina, lakini kwa kupenda kwao. Asiyemiliki chochote wa Enfield alipata droo. Asiyemiliki kitu wa Paris alipata msumari. Tofauti haikuwa mbao.

Turudi ghorofa ya sita. Baada ya vita kuu ya kwanza familia za kuweka dada wa kulala ndani zilianza kupungua. Lifti nazo zikaingia taratibu, na ghafla juu kukawa kuzuri: mwanga, hewa, mandhari. Vyumba vikageuka vya wanafunzi, vya vibarua, vya wageni wasio na pa kwenda. Miaka ya 1960 wakaja wadada wa Kihispania na Wareno, wakaanza upya kwenye vyumba vilevile. Filamu ya Kifaransa ya 2010, Les Femmes du 6e étage, imewekwa katika mazingira ya 1962 na inawahusu hao Wahispania. Baadaye wenye hela wakagundua kwamba ukinunua vyumba vitatu vya watumishi vinavyopakana na kuvunja kuta, una nyumba yenye mandhari ya Paris nzima. Hapo sasa ndipo fundi seremala alipoitwa, na hapo ndipo picha zako zilipoanzia.

Kazi yenyewe si ya kitoto. Chukua chumba ambacho ukuta wa chini una urefu wa mita 1, kisha dari linapanda kwa nyuzi 45. Ili kufikia mahali dari lina mita 1.80, inabidi uingie ndani sentimita 80. Maana yake kuna ukanda wa sentimita 80 kando ya ukuta ambao mtu mzima hawezi kusimama. Chumba kikiwa na urefu wa mita 4, huo ni mraba wa mita 3.2 unaoinamia tu. Kabati la kutundikia nguo kwa henga linahitaji kina cha karibu sentimita 60, na shati linataka kama mita moja ya kuning'inia. Kwa hiyo ukanda huo ambao hauwezi kutembea ndani yake unatosha shati kabisa. Gauni refu halitoshi, hilo lisogezwe mbele kwenye dari la juu. Sehemu ya chini zaidi inawekewa droo za magurudumu, kwa sababu rafu iliyo mbali itakulazimisha uingie kwa magoti na tochi. Na ukishindilia kabati kwenye upande wa paa bila kuacha hewa ipite nyuma, hewa ya joto ya chumbani inakutana na baridi ya zinki, unyevu unatuama, na makoti yanaota ukungu kabla ya Pasaka. Fundi mzuri anajulikana kwa mgongo wa kabati, si kwa mlango.

Na ile mita 1.80 haikuokotwa hewani. Sheria ya Desemba 1996, inayojulikana kama sheria ya Carrez, inamtaka anayeuza nyumba ya pamoja ataje eneo lake, na sehemu yenye dari chini ya mita 1.80 haihesabiwi. Agizo la 2002 kuhusu makazi yenye staha likasema chumba cha kupangisha kiwe na angalau mita za mraba 9 zenye dari la mita 2.20, au ujazo wa mita 20. Kwenye karatasi, basi, ule ukanda wa kabati haupo. Viatu vyako viko mahali ambapo kisheria si mahali. Mnunuzi anafurahia kupata stoo ya bure. Mpangaji wa chumba kimoja kisichofika mita 9 halisi, ambacho sheria inakataza kisipangishwe lakini bado kinapangishwa, hana cha kufurahia: kwake ukanda huo ni sehemu ya maisha, ndipo kitanda kilipo.

Vyumba vya aina hii Paris bado ni zaidi ya 100,000, na vingi havikaliwi. Vinavyokaliwa si vyote vina droo za magurudumu. Joto kali la Agosti 2003 liliua watu takriban 15,000 Ufaransa, wengi wao wazee, na utafiti uliofuata ulionyesha kwamba kulala moja kwa moja chini ya paa kuliongeza hatari ya kufa. Zinki ile ile. Desemba 2024 UNESCO iliutambua ustadi wa mafundi wa mapaa ya zinki ya Paris kuwa urithi wa dunia usioshikika, na wanastahili, kazi yao ni ya hatari na ya kupendeza. Ila kuweka tabaka nene la kuzuia joto chini ya zinki kunakula sentimita za dari, na kwenye chumba ambacho kila sentimita inaamua kama ni chumba au si chumba, wamiliki wengi wanasita.

Ngazi ya watumishi bado ipo kwenye majengo mengi, uani, mlango mdogo nyuma ya mapipa ya taka. Seremala anayekwenda kujenga kabati la mshazari la milioni kadhaa huanza kwa kupima kona za ngazi hiyo, halafu anakata mbao zipande kipande kimoja kimoja begani, kwa sababu lifti, pale ilipowekwa, mara nyingi inaishia ghorofa ya tano.