Uingereza nayo ilihukumiwa kwa lugha ya wageni

Mwaka 1631, katika mahakama ya Salisbury kusini mwa Uingereza, mfungwa aliyekwisha kutiwa hatiani alimrushia jaji kipande cha tofali, kikamkosa chupuchupu. Mfungwa alikatwa mkono wa kulia, kisha akanyongwa papo hapo. Mwanasheria aliyeweka kumbukumbu ya tukio hilo hakutumia Kiingereza cha nyumbani kwake. Aliandika Kifaransa kibovu, na kila kilipomshinda akachomeka Kiingereza.

Chanzo cha kutumia Kifaransa mahakamani ni mwaka 1066, Wanormani walipoiteka Uingereza. Baada ya muda Kifaransa kikawa lugha ya mawakili na majaji, Kilatini kikawa cha kumbukumbu rasmi. Mwaka 1362, enzi za Mfalme Edward III, ilitungwa sheria ya kutaka mashauri yaendeshwe kwa Kiingereza. Ilikiri wazi kwamba watu hawaelewi kinachosemwa kwa ajili yao wala dhidi yao. Hata hivyo, sheria yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa, na mawakili hawakukiacha.

Katika kesi za jinai, si lugha tu, hata kisomo kilikuwa uhai. Mshtakiwa aliyedai haki ya makasisi, yaani kinga ya watu wa kanisa dhidi ya mahakama za kawaida, alipewa Biblia asome, aghalabu mstari wa Zaburi ya 51. Akiweza kuisoma, aliepuka kitanzi. Wapo wasiojua kusoma waliokariri mstari huo ili kuokoa shingo zao.

Mwaka 1650, ufalme ukiwa umeondolewa, Bunge liliamuru Kiingereza kitumike, lakini ufalme uliporejea mwaka 1660 amri hiyo ikafa. Ilibidi kusubiri hadi tarehe 25 Machi 1733 ndipo Kifaransa na Kilatini vikaondolewa kisheria mahakamani.

Masalia yalibaki, hasa kwenye sheria za familia. Wanandoa wanaoachana waliendelea kupewa amri ya awali yenye jina la nusu Kilatini hadi tarehe 6 Aprili 2022, lilipowekwa jina jepesi linalomaanisha amri yenye masharti.

Sheria za Waingereza zilipoletwa Tanganyika, zilikuja na lugha yao. Mahakama za mwanzo zilitumia Kiswahili, lakini Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani ziliandika kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilirekebisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, huku Kiingereza kikiruhusiwa pale haki inapohitaji.

Ruhusa hiyo isigeuzwe mazoea. Waingereza walitunga sheria mwaka 1362, wakaona matunda yake baada ya miaka 371, kwa sababu wenye taaluma hawakutaka kubadilika. Majaji, mawakili na walimu wa sheria wa Tanzania wasirudie kosa hilo. Mama anayedai matunzo ya mtoto na kijana anayeshtakiwa kwa wizi wana haki ya kuisoma hukumu yao wenyewe na kuielewa.